Mpigo wa Kwanza Huanzia Wapi?

Swali ambalo karibu kila anayeanza kujifunza maandishi ya Kichina huliuliza ndani ya juma la kwanza, na ambalo walimu wengi hulijibu kwa amri badala ya maelezo, ni hili: ikiwa herufi iliyokwisha kuandikwa inaonekana ileile, kuna haja gani ya kumlazimisha mwanafunzi atangulize mstari huu na kuufuatisha ule? Swali hilo si la ukaidi. Mtu mzima aliyezoea kuandika barua, hesabu na majina bila kufikiria mkono wake unaanzia wapi ana haki ya kuelezwa sababu kabla ya kutakiwa kurudi kwenye hali ya mtoto wa darasa la kwanza, na sura hii inajaribu kumpa sababu hiyo.

Kwa msomaji wa Tabora na wa miji iliyo kwenye njia ya zamani ya misafara, jambo hili limesogea karibu. Njia hiyo, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata Ugogo na kufika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, kabla ya kuteremka Ujiji, ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 1,200, na wapagazi wa Kinyamwezi waliijua kwa nyayo zao. Reli ya Wajerumani iliifuata kwa kiasi kikubwa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, na waliopewa kazi hiyo ni kampuni mbili za Kichina. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, hiki cha pili kikiwa katika nchi ileile ya Wagogo iliyowapa wapita njia kiu na tozo, vilipata taasisi za kufundisha Kichina mwaka 2013. Kuna wanaojifunza kusema, kwa kuwa kusema ndiko kunakoleta kazi upesi. Lakini anayetaka kusoma kibao, hati ya malipo au mchoro wa fundi hana budi kukutana na maandishi, na hapo ndipo swali la mpigo wa kwanza linapomsubiri.

Herufi, mpigo na mpangilio

Ni vyema maneno matatu yaeleweke mapema. Neno *herufi* katika sura hii litatumika kwa alama moja kamili ya maandishi ya Kichina, ingawa alama hiyo haifanani kikazi na herufi za Kiswahili. Herufi *b* haina maana yoyote mpaka iungane na nyenzake, lakini alama 人 peke yake inatamkwa *ren* na maana yake ni mtu. Ndiyo sababu herufi za Kichina ni nyingi: orodha rasmi iliyotolewa na serikali ya China mwaka 2013 ina herufi 8,105, na kati ya hizo 3,500 ndizo zinazohesabiwa kuwa za matumizi ya kawaida.

*Mpigo* ni alama inayoachwa na kalamu tangu inapogusa karatasi hadi inapoinuliwa. Neno hili limechaguliwa kwa sababu Kiswahili chenyewe husema mtu hupiga mstari. Herufi nyingi kiasi hicho zimejengwa kwa mipigo ya aina chache mno: mlalo unaokwenda kutoka kushoto kwenda kulia, wima unaoshuka, mteremko wa kushoto, mteremko wa kulia, nukta, na kona, yaani mpigo unaogeuka njiani bila kalamu kuinuliwa. Baadhi ya mipigo humalizikia kwa ndoana ndogo. Fundi mwenye aina sita za matofali anaweza kujenga nyumba elfu, na mwanafunzi anayezitambua aina hizi amekwisha kuushinda woga wa kwanza, ule wa kudhani kwamba kila herufi ni mchoro mpya wa kukaririwa mzimamzima.

*Mpangilio wa mipigo*, basi, ni utaratibu unaosema mpigo upi utangulie na upi ufuate katika kila herufi.

Paa la nyasi na mvua

Fundi anayeezeka nyumba ya msonge huanza na nyasi za chini, penye ukingo, akapanda tabaka kwa tabaka kuelekea kileleni, ili kila tabaka la juu lilalie lile la chini. Mtu akianza juu na kumalizia chini, paa litakalotokea laweza kufanana na la jirani kwa mtazamaji aliyesimama barabarani wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza ya Novemba ndiyo itakayoeleza nani aliezeka kwa mpangilio na nani alirundika nyasi.

Mvua ya maandishi ni kasi. Maadamu mtu anaandika polepole, mpigo mmoja baada ya mwingine, kalamu ikiinuliwa vizuri, mpangilio wake haujulikani. Lakini hakuna anayeandika hivyo maisha yake yote. Mkono ukiharakishwa, kalamu haiinuki tena sawasawa, huburuza mstari mwembamba kutoka mwisho wa mpigo mmoja hadi mwanzo wa mpigo unaofuata, na mstari huo wa katikati huifichua njia yote iliyopitwa. Wachina huuita mwandiko wa namna hii *xingshu*, maana yake mwandiko wa mwendo, na ndio ambao watu wazima hutumia wanapoandika orodha ya vifaa au ujumbe mfupi.

Itazamwe herufi 口, inayotamkwa *kou*, maana yake mdomo. Ina mipigo mitatu: kwanza wima wa kushoto, pili kona, inayokwenda kulia kwa juu kisha ikashuka, tatu mlalo wa kufungia chini. Katika mwandiko wa mwendo, kona na mlalo wa chini huunganishwa, na herufi hugeuka kuwa kama tarakimu 1 na 2 zilizoegemeana. Mchina yeyote aliyesoma huitambua papo hapo, kwa kuwa mkono wake hupita njia hiyohiyo. Mgeni aliyezoea kuchora mraba kwa mzunguko mmoja, akianzia kona ya chini na kurudi palepale, anapoharakisha hupata duara, na duara halimwambii msomaji kitu. Alipoandika polepole wote wawili walikuwa na mraba uleule.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Herufi inayoandikwa kila mara kwa njia moja huhama kutoka machoni ikaingia mkononi, kama vile mtu anayefunga kilemba au anayesuka ukili asivyohitaji kuwaza kila mkunjo. Inayoandikwa leo kwa njia hii na kesho kwa njia nyingine hubaki kuwa picha, na picha elfu tatu hazibebeki. Katika misafara ya zamani, kirangozi alitangulia na hakuna aliyeruhusiwa kumpita, na palipokuwa na njia panda alikatiza tawi la majani kwenye njia isiyo yao ili waliobaki nyuma wasipotee. Mpigo wa kwanza una kazi hiyohiyo, kwa kuwa ukikosewa, mipigo mingine yote hufuata njia isiyo yake.

Na kwa nini mpangilio wenyewe uwe huu na si mwingine? Kwa sehemu kubwa jibu limo katika mkono wa kulia, katika wino mbichi na katika mwanzi. Kwa karne nyingi kabla ya karatasi kuenea, Wachina waliandika kwa brashi juu ya vipande vyembamba vya mianzi vilivyofungwa pamoja kwa uzi, maandishi yakishuka kutoka juu kwenda chini. Brashi iliyojaa wino huvutwa vizuri zaidi kuliko inavyosukumwa, na mkono wa kulia huvuta kwa urahisi kuelekea kulia na kuelekea chini. Herufi iliyoanza juu na kuishia chini ilimwacha mwandishi penye mwanzo wa herufi inayofuata. Magazeti makubwa ya China yalihamia mistari ya mlalo katikati ya miaka ya 1950, lakini umbo la herufi na njia ya mkono vilikuwa vimekwisha kukomaa.

Kwa ufupi: mpangilio huihifadhi herufi isiharibike mkono unapokwenda mbio, huifanya isomwe na mtu mwingine, na humwezesha mwandishi kuikumbuka bila kuiwaza.

Kanuni zinazotosha kuanzia

Kanuni ni chache, na zinatosheleza herufi nyingi ambazo mwanafunzi atakutana nazo mwaka wa kwanza.

1. Juu hutangulia, chini hufuata: 三 (tatu).
2. Kushoto hutangulia, kulia hufuata: 川 (mto).
3. Mlalo hutangulia wima unaoukata: 十 (kumi).
4. Mteremko wa kushoto hutangulia wa kulia: 人 (mtu).
5. Katikati hutangulia mabawa mawili yanayolingana: 小 (dogo).
6. Ua hujengwa kwanza, vilivyomo huingizwa, kisha mlango hufungwa: 日 (jua).
7. Wima unaopenya herufi yote huja mwisho: 中 (katikati).

Kanuni ya sita ndiyo inayowapendeza wanafunzi wengi, kwa kuwa haihitaji kukaririwa na mtu aliyewahi kuona boma la ng'ombe. Nguzo za pembeni husimamishwa, mifugo huingia, na mlango hufungwa baadaye. Anayefunga mlango kabla ya ng'ombe kuingia amejipa kazi ya kuubomoa.

Mkono uliokwisha kufunzwa

Vitabu vingi vya kufundishia Kichina vimeandikwa kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani, na huchukulia kwamba mwanafunzi hajawahi kukutana na maandishi ya aina nyingine isipokuwa ya Kilatini. Dhana hiyo si sahihi kwa Tabora. Maandishi yaliyotangulia kufika Unyanyembe yalikuwa ya Kiarabu, yaliyoletwa na wafanyabiashara wa pwani na wa Omani waliojenga tembe zao Kazeh na Kwihara katikati ya karne ya 19, na kwa hati hiyo Kiswahili chenyewe kiliandikwa: barua za biashara, hesabu za pembe na nguo, hati za madeni. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, na ambaye baba yake alikuwa na makazi Unyanyembe, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika hati ya Kiarabu kabla hazijachapwa kwa herufi za Kilatini mwaka 1902 na 1903. Hadi leo watoto wengi wa Tabora hujifunza alifu, be na te madrasa, na asubuhi wanajifunza *a, e, i, o, u* shuleni. Mkono wa namna hiyo umekwisha kufunzwa mara mbili, na mafunzo yake ya kwanza yana udugu wa karibu na Kichina kuliko inavyodhaniwa.

Lichukuliwe neno *binti*. Katika hati ya Kiarabu, herufi zake tatu, be, nuni na te, huungana: بنت. Mwandishi aliyefunzwa haandiki be na nukta yake, kisha nuni na nukta yake. Huvuta kiwiliwili cha neno zima kwa mwendo mmoja kutoka kulia kwenda kushoto, meno mawili na mkia, kisha hurudi mwanzo kuweka nukta: moja chini, moja juu, mbili juu. Irabu, yaani alama ndogo za kuonyesha sauti za *a*, *i* na *u*, huja mwisho kabisa. Hakuna mwanachuoni anayekubali nukta zitangulie kiwiliwili, na mtoto anayefanya hivyo husahihishwa bila kuelezwa sababu, kwa kuwa sababu inaonekana: nukta haina pa kukaa.

Sasa zitazamwe herufi tatu za Kichina: 大 (kubwa), 太 (mno) na 犬 (mbwa). Kiwiliwili ni kilekile, mlalo mmoja na miteremko miwili, na kinachozitenganisha ni nukta tu: haipo katika ya kwanza, imo chini katika ya pili, imo juu kulia katika ya tatu. Nukta huja mwisho. Anayejua kwamba ب na ت na ث hutofautiana kwa idadi na mahali pa nukta hahitaji kushawishiwa kwamba nukta moja ya Kichina inaweza kumgeuza mkubwa akawa mbwa. Itakuwa jambo la kusikitisha ikiwa ujuzi huu, uliomo mikononi mwa watoto wengi, hautatumiwa na anayewafundisha Kichina.

Udugu huo, hata hivyo, una mpaka, na mwanafunzi aliyetoka madrasa anapaswa kuonywa mahali pawili. Kwanza, uelekeo ni wa kinyume, kwa kuwa mlalo wa Kichina huvutwa kutoka kushoto kwenda kulia, na mkono wenye mazoea ya Kiarabu ukichoka hujaribu kuuvuta kurudi. Pili, nukta ya Kichina haichelewi kila mara. Inapokaa kileleni mwa herufi, kama katika 文 (maandishi) na 六 (sita), au penye pembe ya juu kushoto, kama katika 门 (mlango), huandikwa kwanza, kwa kuwa kanuni ya juu kutangulia chini ina nguvu zaidi.

Shule ya msingi nayo ina mchango wake. Katika stadi zinazoitwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mwalimu wa darasa la kwanza huwafundisha watoto *kuumba herufi*: huandika hewani kwa kidole, kisha mchangani, kisha kwenye daftari, na herufi *a* huumbwa kwa kuanzia mahali pamoja kila siku. Walimu wa China nao huwaandikisha watoto hewani darasa zima kwa pamoja, wakiyataja kwa sauti majina ya mipigo. Mtu mzima anayeona haya kuandika hewani kwa kidole anajinyima zana ambayo nchi zote mbili zimeijaribu.

Maneno manne ya kibao

Kati ya kampuni mbili zilizopewa reli ya Tabora hadi Kigoma, moja ni CCECC, iliyoanzishwa mwaka 1979 kutokana na ofisi iliyosimamia ujenzi wa reli ya TAZARA. Jina lake la Kichina linaanza kwa herufi nne, 中国土木, nazo ni zawadi kwa mwanafunzi, kwa kuwa ndani ya mipigo 19 tu hukutanisha karibu kanuni zote zilizotajwa. Herufi mbili za kwanza maana yake ni China. Mbili za mwisho, udongo na mti, zikiunganishwa na neno la kazi ya uhandisi hutaja uhandisi wa ujenzi, kwa vile huko nako nyumba zilijengwa kwa udongo na miti kama tembe za Unyanyembe zilivyojengwa.

Herufi ya kwanza, 中, ina mipigo minne. Mitatu ya mwanzo ni ile ya mdomo: wima wa kushoto, kona, mlalo wa kufungia. Mraba huo uwe mpana kidogo kuliko urefu wake. Kisha kalamu huinuliwa, huwekwa juu ya mraba katikati, na wima mrefu hushushwa ukipenya sehemu zote mbili na kutokeza chini. Anayeanza na wima huu hukosa pa kuupima mraba, na matokeo yake ni bendera iliyopinda: upande mmoja mpana, mwingine mwembamba. Kosa hili linaonekana hata katika mwandiko wa polepole, na ndilo linalowashawishi wabishi.

Herufi ya pili, 国, ina mipigo minane na maana yake ni nchi. Ua huanza: wima wa kushoto, kisha kona ndefu ya juu na kulia. Chini pabaki wazi. Ndani huingia 玉, jiwe la thamani, yenye mipigo mitano: mlalo, mlalo, wima, mlalo wa tatu, na nukta chini kulia. Ndipo mpigo wa nane, mlalo, hufunga mlango. Umbo la zamani la herufi hii, 國, lilikuwa na mipigo 11, nalo bado hutumika Taiwan na Hong Kong. Umbo fupi lilikubaliwa China katika mageuzi ya mwaka 1956 yaliyokusudia kurahisisha kisomo. Kosa la kawaida la wanafunzi ni kuusahau huo mpigo mdogo wa saba. Bila nukta, 玉 hugeuka kuwa 王, mfalme, na nchi hubaki na mfalme ndani ya ua, jambo ambalo msomaji wa Kichina huliona mara moja kama msomaji wa Kiswahili anavyoona *bahari* iliyoandikwa *bahati*.

Ya tatu, 土, udongo, ina mipigo mitatu: mlalo mfupi, wima, mlalo mrefu wa chini. Urefu ndio wenye maana hapa. Mlalo wa juu ukiwa mrefu kuliko wa chini, herufi inakuwa 士, ambayo hutaja msomi au askari. Mpangilio humsaidia mwandishi, kwa kuwa mlalo wa mwisho, ulio ardhi inayobeba vyote, huandikwa wakati vilivyo juu yake vimekwisha kuonekana, na mkono unajua ueneze kiasi gani.

Ya nne, 木, mti: mlalo, wima unaoukata, mteremko wa kushoto, mteremko wa kulia. Matawi, shina, na mizizi miwili. Miteremko hiyo ianze pale mlalo na wima vinapokutana; ikianzia chini zaidi, mti huonekana umesimama juu ya miguu iliyovunjika.

Kwa ufupi: anayeandika herufi hizi nne kwa mpangilio, bila kutazama kitabu, amekwisha kutumia kanuni sita kati ya saba.

Mahali ambapo wakubwa hawakubaliani

Haifai mwanafunzi aaminishwe kwamba mpangilio umeshuka kutoka mbinguni. China ilitoa mwongozo rasmi wa mpangilio wa mipigo kwa herufi 7,000 mwaka 1997. Japani, ambayo iliazima herufi hizo zamani, ilikuwa imetoa wake mwaka 1958 kwa herufi 881 za shule ya msingi. Na miongozo hiyo hutofautiana mahali kadhaa. Herufi 王 nchini China huandikwa mlalo, mlalo, wima, mlalo, ilhali Japani wima hutangulia mlalo wa kati. Nchi zote mbili husoma maandishi yao bila taabu, kwa kuwa kila moja ina njia moja inayopitwa na wote. Msafara hauhitaji njia iliyo bora kuliko zote duniani. Unahitaji njia ambayo kila pagazi anaijua. Kwa anayejifunza Kichina cha China, mwongozo wa China unatosha, na kuchanganya miwili ni kujitafutia usumbufu bure.

Wanaoandika kwa mkono wa kushoto hukutana na ugumu wa kweli, kwa sababu mlalo ambao wengine huuvuta wao hulazimika kuusukuma. Ushauri wa busara ni kuuhifadhi mpangilio na kuigeuza karatasi kidogo, badala ya kuubadili mpangilio au kumlazimisha mtoto ahamishe mkono.

Je, simu haijamaliza kazi hii?

Wengi huuliza kama kuna haja ya kuandika kwa mkono katika zama za simu, na swali lao ni la haki. Wachina wengi wenyewe huandika kwenye simu kwa kutumia *pinyin*, yaani mfumo wa kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini uliokubaliwa mwaka 1958, kisha huchagua herufi kutoka katika orodha inayotokea. Matokeo yake yanajulikana nchini mwao na yana jina: kushika kalamu na kuisahau herufi. Mtu huitambua herufi akiiona lakini hawezi kuiandika.

Hata hivyo simu zenyewe hazijauacha mpangilio. Ipo njia ya kuandika kwa vitufe vitano, kila kimoja kikiwa na aina moja ya mpigo: mlalo, wima, mteremko wa kushoto, nukta pamoja na mteremko wa kulia, na kona. Anayetaka 大 hubonyeza kitufe cha kwanza, cha tatu na cha nne kwa kufuatana, na asiyejua mpangilio hapati kitu. Kuandika kwa kidole juu ya kioo husamehe makosa zaidi siku hizi, lakini faida kubwa ni kwa anayekutana na herufi asiyoijua kwenye kibao au kwenye gunia la saruji: hajui inavyotamkwa, hivyo pinyin haimsaidii, na njia rahisi ya kuitafuta ni kuiandika mpigo kwa mpigo.

Daftari la mashamba

Watoto wa China hujifunza katika miraba iliyogawanywa sehemu nne, na miraba hiyo imepewa jina la herufi 田, maana yake shamba, kwa sababu inafanana nayo kabisa. Tabora hakuna haja ya kuagiza daftari la aina hiyo. Daftari la hesabu lenye miraba midogo linatosha: miraba minne, miwili juu na miwili chini, izungushiwe kwa kalamu ya risasi, nalo shamba limepatikana. Mistari ya katikati humwonyesha mwandishi mahali wima wa 中 unapopita na mahali miteremko ya 木 inapoanzia.

Mazoezi yenye tija ni mafupi. Herufi moja iandikwe mara tatu kwa kutazama, kila mpigo ukitajwa kwa sauti. Kisha kitabu kifunikwe, iandikwe mara moja bila kutazama. Kisha iachwe mpaka jioni na iandikwe tena bila kutazama. Kujaza ukurasa mzima kwa herufi moja, jinsi walimu wengi wanavyoagiza, huchosha mkono na kuiacha akili ikisinzia, kwa sababu baada ya mara ya tano mwanafunzi hunakili mstari wa juu yake bila kuikumbuka herufi yenyewe. Herufi tano kwa siku zilizoandikwa hivi ni nyingi kuliko hamsini zilizonakiliwa.

Anayetaka kujipima baada ya juma la kwanza ajaribu herufi 路, inayotamkwa *lu*, maana yake njia, ambayo pia ni nusu ya neno la Kichina la reli, 铁路, yaani njia ya chuma. Ina mipigo 13. Kushoto ni mguu, kulia ni neno linalotumika peke yake kwa maana ya *kila*. Kushoto hutangulia: mdomo mdogo kwa juu, mipigo mitatu, kisha wima mfupi, mlalo mfupi unaoanzia ubavuni mwake, wima wa pili kushoto zaidi, na mpigo unaopanda kidogo kuelekea kulia, kama hatua iliyonyanyuliwa. Hiyo ni saba. Kalamu huhamia upande wa pili, juu: mteremko wa kushoto, kona inayoteremka kushoto, mteremko mrefu wa kulia unaotandaza paa. Kumi. Chini ya paa hilo hubaki nafasi ndogo ya mdomo wa pili: wima, kona, na, baada ya kalamu kuinuliwa kwa mara ya mwisho, mlalo mfupi unaofunga chini.